Risiti ya Sifuri

Jumatatu ndiyo siku yangu ya makopo.
Waliopanda Tatra mwisho wa juma wameshuka,
kiu yao wameiacha huko juu:
chupa ndani ya vichaka vya misonobari mifupi,
kopo la bia limepachikwa kwenye ufa wa jabali
kama kidole kilichobanwa na mlango.

Mimi, Zdenka, ndiye mwenye funguo za mashine.
Iko nyuma ya duka, kati ya friji na magunia ya viazi,
ina mdomo mmoja wa duara na haina subira.
Inameza, inanguruma, inasoma mistari ubavuni,
senti kumi na tano, senti kumi na tano,
kisha inatema karatasi.
Ni amana, nawaambia wageni. Si bei, si faini.
Uliponunua uliweka neno lako rehani.
Leta chupa, ulikomboe.

Wengine neno lao hulitupa njiani.
Vavrinec hulishusha.

Huyu ni mpagazi. Miaka arobaini na mmoja
amepandisha vibandani, kwa fremu ya mbao mgongoni,
unga, gesi, mapipa ya bia,
na safari moja beseni la kuogea.
Zamani alishuka mtupu, akipiga mluzi.
Siku hizi anashuka na gunia linalogongana,
hata mbuzi wa miamba wanamjua kwa kelele zake.
"Msiyakanyage!" huwafokea watalii,
maana kuna wema wa kijinga:
mtu analiponda kopo lisichukue nafasi,
na mashine haisomi uso uliopondwa.
Vavrinec huyanyoosha kwa dole gumba,
kwa kijiti, kwa matusi.

Jumatatu ile alikuja na kopo moja tu.
Moja, ndani ya leso.
Na mjukuu wake Radka, miaka sita, magoti matope matupu,
ndiye aliyelichomoa chini ya daraja la magogo
akapiga yowe kama aliyeokota yai la tai.

Halikuwa limepondwa. Lilikuwa limepauka,
wekundu wake umegeuka rangi ya fizi,
lina jina la kiwanda ambacho leo ni maegesho ya magari.
Mashine ikalizungusha. Ikalitema.
Radka akalirudisha. Ikalitema.
Mara ya tatu ikawasha taa nyekundu
na lile neno nililolizoea: HALITAMBULIKI.

"Ni langu," Vavrinec akaniambia, sauti chini.
Akalipindua. Kitakoni, kwa ncha ya kisu, V na A.
"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikunywa nusu kwa nusu.
Nikalisukuma pale kwa kisigino, akacheka.
Sote tulifanya hivyo. Mlima mkubwa, kopo dogo."

Hiyo A haikuwa ya bibi yake Radka.
Sikuuliza.

Majuto ni mjukuu, husema watu.
Wake alikuwa amesimama pale pale,
analamba kamasi, anadai senti zake.

Nikafungua droo, nikatoa kumi na tano za kwangu.
Akanishika kifundo kwa mkono wake wa kamba na baridi.
"Hapana. Siku ile sikuweka amana yoyote."

Duka zima likanyamaza, hata friji,
ingawa friji hunyamaza yenyewe kila robo saa.

"Basi itupe karatasi," akasema Radka.
Nikabonyeza. Mashine, tumbo wazi, ikatii:
tarehe, saa, makopo sifuri, jumla sifuri.
Vavrinec akaikunja mara nne
akaichomeka ndani ya kofia, upande wa sikio.
Radka nikampa peremende,
nikaiandika kwenye daftari la hasara.

Kopo waliniachia.
Kulitupa siwezi, kulirudisha hakuna kwa kulirudisha,
nimeliweka juu ya mashine.
Kila Jumatatu inaponguruma, nalo linatetemeka,
linasogea, linasogea, hadi ukingoni.
Nalisukuma nyuma kwa kidole
na kumwita anayefuata.